Mwana Aliyeitwa Pingu

Shaka ilimwingia Mama Mizani siku aliyomwona mkwewe akimsindikiza mende nje kwa glasi.

Ilikuwa asubuhi, jikoni. Mende mwenyewe alikuwa mkubwa, mwekundu, anatembea juu ya meza kama mwenye nyumba. Mama Mizani alikuwa ameshavua ndala. Mkwe akamwahi: akamfunika mende kwa glasi, akapenyeza kipande cha boksi chini yake, akashuka naye ngazi za ghorofa tatu taratibu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Aliporudi akaosha glasi, akamwamkia mama mkwe wake, akaketi kunywa chai.

"Marahaba," alijibu Mama Mizani, ndala ingali mkononi.

Mkwe huyu alikuwa fundi wa lifti, na nyumbani hata mkewe alimwita Fundi. Mwaka mzima uliopita alikuwa mtu wa kawaida kabisa: anaua mende, anagombana na redio, na bosi wake akipiga simu asubuhi anamwambia "niko njiani" huku povu la sabuni limemjaa kichwani. Sasa Mama Mizani akaanza kukumbuka mambo. Wiki mbili nyuma simu ililia, na Fundi akajibu, Mama Mizani akisikia kwa masikio yake: "Sijatoka bado, bosi. Nafunga kamba za viatu." Alfajiri alikuwa akikaa sebuleni juu ya blanketi lililokunjwa, ameuelekea ukuta, kimya, nusu saa nzima. Ukutani hapakuwa na picha wala kalenda. Na vyombo alikuwa anaosha kila siku bila kuambiwa.

Hilo la vyombo ndilo lililomtia baridi. Mume wake mwenyewe, wiki ya mwisho kabla hajatoweka, aliosha vyombo siku nne mfululizo. Siku ya tano akachukua mkoba mdogo, akambusu mtoto wa miezi miwili kipajini, akasema anakwenda kazini. Miaka ishirini na tisa sasa, na hadi leo yuko kazini.

Yule mtoto wa miezi miwili ndiye leo mke wa Fundi. Alikuwa mfamasia, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita.

Isitoshe, kutoamini ndiko kulikokuwa kazi ya Mama Mizani. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Alizunguka madukani na kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba, kila jiwe ndani ya shimo lake kama yai, na wenye maduka ndio waliompa jina hilo. Wakimwona tu anavuka barabara, mate yanawakauka. Ujanja wote aliujua: sumaku chini ya sahani, gundi kavu upande wa bidhaa, mizani ya umeme inayosema kweli katikati na kudanganya pembeni. Kwa hiyo jiwe la kilo hakuliweka mara moja tu. Aliliweka katikati, kisha kila kona, kona zote nne, akisoma namba kwa sauti huku akimtazama mwenye duka usoni badala ya kuitazama mizani.

Jumapili, akitenga nguo za kufua, alipekua mifuko ya ovaroli ya Fundi. Alijiambia anatafuta misumari. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: *Utangulizi wa Ubudha: Imani, Mazoezi na Historia. Jumamosi sita, saa tisa alasiri. Ghorofa ya nne, jengo lililokuwa shule ya udereva. Wote mnakaribishwa. Hakuna kiingilio.*

Pale penye "hakuna kiingilio" alisimama, akasoma mara mbili. Katika kazi yake hakuwahi kukutana na cha bure kisicho na mkono wa mtu nyuma yake.

"Mwanangu," alimwambia bintiye jioni ile, "mumeo anakwenda wapi Jumanne na Alhamisi?"

"Masomoni, mama. Darasa la utangulizi alilimaliza, sasa anakwenda kukaa na wenzake tu. Inamtuliza."

"Kutulizwa ana homa?"

Binti akacheka, akashika kiuno, akaenda kulala. Mama Mizani akaenda kwenye mfuko wa ovaroli. Alitazama tarehe kwenye ile karatasi. Darasa la wapya lilikuwa linaanza Jumamosi ijayo, siku ambayo Fundi alikuwa zamu ya lifti za hospitali. Akaikunja karatasi kama alivyoikuta, akairudisha mfukoni.

Jumamosi alifika saa tisa kasorobo. Ndani ya lifti ya jengo lile kulikuwa na kadi ya matengenezo, na juu yake mwandiko aliouona kila siku kwenye orodha za sokoni zilizobandikwa jokofuni: jina la Fundi, tarehe, *breki na kebo salama*. Kumbe hapa ndipo walipomnasa, akawaza. Alikuja na bisibisi akaondoka na dini. Akatoka, akapanda kwa ngazi.

Chumba kilikuwa kikubwa na kitupu. Alama za barabarani zilikuwa bado zimepakwa ukutani, rangi zimepauka: simama, toa njia, hakuna kupita. Mikeka saba, viti vya plastiki vinne kwa wenye magoti mabovu, na juu ya rafu sanamu ndogo ya mtu aliyeketi, pembeni yake maua ndani ya chupa iliyokuwa ya jemu. Mama Mizani alichagua kiti cha karibu na mlango.

Mtawa mwenyewe hakufanana na alichokitarajia. Alitarajia mtu mwembamba mwenye macho ya kulegeza watu. Huyu alikuwa mnene, wa makamo, kichwa kimenyolewa, kitambaa cha rangi ya udongo kimezungushwa begani, na miwani yenye mkono mmoja uliofungwa plasta. Alisema zamani alikuwa muuguzi wa chumba cha majeruhi. Alizungumza Kiswahili cha watu, bila madoido.

"Nani wewe, mama?" alimuuliza kwa upole.

"Mjane," alijibu Mama Mizani. Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa.

Siku hiyo Mtawa alisimulia habari za mwanzilishi. Yapata miaka elfu mbili na mia tano iliyopita, chini ya milima ya Himalaya, alizaliwa mtoto wa mtawala. Baba yake hakutaka aone lolote la kuhuzunisha, akamlea ndani ya raha. Lakini siku moja alitoka, akaona mzee aliyepinda mgongo. Siku nyingine mgonjwa. Siku nyingine maiti ikipelekwa kuchomwa. Na mwisho mtu aliyeacha yote, ametulia. Hapo raha ikamtumbukia nyongo. Akiwa na miaka ishirini na tisa akapanda farasi usiku, akaondoka kwenda kutafuta dawa ya mateso. Miaka sita alijinyima chakula hadi mbavu zikahesabika, asiipate. Akaacha kujinyima, akala, akaketi chini ya mti, akatulia mpaka akaona anachotafuta. Tangu siku hiyo akaitwa Buddha, yaani aliyeamka. Alifundisha miaka arobaini na mitano, akafa mzee wa miaka themanini.

"Sisi hatumwabudu kama Muumba," alisema Mtawa. "Alikuwa mtu. Tunainama mbele ya sanamu kama mnavyosimama mwalimu akiingia darasani."

Mama Mizani aliinua mkono. "Alipoondoka usiku, alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye. Yasodhara."

"Na mtoto?"

Mtawa alivua miwani. "Mapokeo yanasema mtoto alikuwa amezaliwa siku hizo hizo. Mvulana. Aliitwa Rahula. Wengi wanalifasiri jina hilo kuwa pingu."

"Alimwita mwanawe pingu?"

"Ndivyo inavyosimuliwa."

Mwanafunzi mmoja, daktari wa meno aliyeketi mbele, aligeuka kumtazama. Mama Mizani akaendelea. "Kwa hiyo mwanamume anamwacha mzazi kitandani na kichanga, anaondoka bila kuaga, na ninyi mnamwekea maua."

Alisubiri ajibiwe kwa maneno matamu. Matapeli wote aliowajua walikuwa na maneno matamu.

"Swali hilo ni la zamani kama hadithi yenyewe," alisema Mtawa. "Siwezi kulilainisha. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye alirudi kwao, watu wote wakatoka kumlaki, mkewe hakutoka. Alisema, kama nina thamani kwake atakuja mwenyewe. Na Buddha ndiye aliyemfuata chumbani."

"Kisha?"

"Kisha mtoto naye akamfuata baba, akapokelewa utawani. Babu yake aliumia sana. Akamwendea Buddha akamwambia maumivu haya yanakata hadi kwenye mfupa. Tangu siku hiyo ikawekwa kanuni kwamba hapokelewi mtu bila ruhusa ya wazazi wake."

"Ya wazazi. Na ya mke?"

"Kanuni ile ya kale haimtaji mke."

Mama Mizani alishuka ngazi. Haimtaji mke! Fundi hakuwa na wazazi. Wote wawili walishafariki. Nani basi angeombwa ruhusa?

Nyumbani alianza ulinzi. Mkwe akitoka anamuuliza saa ya kurudi. Mkwe akikaa kwenye blanketi, yeye anaketi kwenye kochi nyuma yake akijifanya anachambua maharage. Alihesabu hata mashati yake kwenye kamba. Binti alianza kumtazama kwa jicho la upande.

Jumamosi ya pili Mtawa alifundisha kweli nne. Kwamba maisha yana dukkha, neno ambalo alisema wengine hulieleza kama gurudumu lisilokaa sawa kwenye ekseli: gari linatembea, lakini kila mzunguko unaumia. Kwamba chanzo chake ni kiu, kung'ang'ania vitu vibaki kama tulivyovitaka. Kwamba kiu hiyo inaweza kuzimika. Na kwamba njia ya kuizima ipo, ina mambo manane, kuanzia kuona sawa hadi kutulia sawa, nayo hupita katikati, kati ya kujiachia na kujitesa. Mama Mizani aliandika yote kwenye daftari la ukaguzi, safu ya kushoto maneno ya Mtawa, safu ya kulia kasoro. Kwenye kasoro aliandika: *Kung'ang'ania. Je, mke? Je, mtoto?*

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mazoezi. Walikaa kimya wakifuata pumzi, na Mama Mizani alikaa jicho moja wazi kuangalia kama kuna mtu anayepekua mikoba. Hakuna aliyegusa. Kisha Mtawa akataja maadili matano: kutoua, kutoiba, kutofanya uasherati, kutosema uongo, kutokunywa kileo. Akaingia kwenye riziki. "Maandiko ya kale yako wazi," alisema, akimtazama yeye, au alidhani anamtazama yeye. "Yanataja hata mtu anayepunja watu kwa mizani ya uongo."

Mama Mizani aliacha kuandika. Ananijua, akawaza. Fundi amemwambia kila kitu, na sasa ananichezea. Baada ya darasa alimvizia daktari wa meno kwenye ngazi.

"Hivi lile la mizani, limo kweli kwenye vitabu vyao?"

"Limo," alisema daktari. "Nililisoma mwenyewe kwenye tafsiri. Kwani vipi, mama?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Usingizi wake ulianza kuharibika. Jambo lililomsumbua ni kwamba kila alipomwekea Mtawa jiwe, namba ilikuwa ile ile. Hata kwenye somo la historia, Jumamosi ya nne, alijaribu kumkamata. Mtawa alisimulia jinsi mafundisho yalivyoenea: mfalme Ashoka aliyeiteka nchi ya Kalinga, akaona maelfu ya maiti, akajuta, akaacha vita na kutuma wajumbe huku na huko, tawi moja likashuka kusini hadi kisiwa cha Lanka, Burma na Siamu, jingine likapanda kaskazini hadi Uchina, Korea na Japani, jingine likapanda milima ya Tibeti, na kwao yalikozaliwa, Bara Hindi, karibu yakatoweka kwa karne nyingi.

"Nani aliyaandika maneno yake?" aliuliza Mama Mizani.

"Kwa mamia ya miaka hakuna. Watawa waliyakariri kwa pamoja. Ndipo baadaye yakaandikwa kwenye majani ya mtende."

"Mamia ya miaka mdomoni! Mimi mwuza sukari hanifikishii kilo moja kutoka rafuni hadi kaunta."

Watu walicheka, na Mtawa akacheka zaidi yao wote, tumbo likitikisika. "Ndiyo maana mwenyewe alionya watu wasipokee neno kwa kuwa limerithiwa, au kwa kuwa mwalimu kalisema. Pima, mama. Pima sana."

Mama Mizani alikasirika kwa kuwa alikuwa karibu kucheka.

Jumatano iliyofuata alikipata alichokuwa akikitafuta. Mkoba wa vyombo vya Fundi ulikuwa nyuma ya mlango, Fundi bafuni. Chini ya bisibisi na mafuta ya grisi, ndani ya mfuko wa nailoni, palikuwa na mashine ya kunyolea nywele, mpya, na kitambaa kirefu cha rangi ya udongo, kimekunjwa vizuri.

Alikaa sakafuni. Picha ya zamani ikamrudia: mkoba mdogo, busu kipajini, mlango. Alichukua kitambaa, akakificha chini ya godoro lake, akaurudisha mkoba mahali pake. Siku tatu Fundi hakuuliza kitu. Siku tatu Mama Mizani alimtazama bintiye akikunja nguo ndogo ndogo, akashindwa kufungua mdomo.

Jumamosi alifika saa nane, saa nzima kabla ya wengine. Mtawa alikuwa anafagia. Mama Mizani alikitupa kitambaa katikati ya mikeka.

"Mimi si mjane," alisema. "Mume wangu aliniacha na kichanga. Na mimi ni mama mkwe wa yule fundi wenu wa lifti. Sema sasa. Siku gani mnamchukua?"

Mtawa aliegemeza ufagio ukutani, chini ya alama ya *simama*. Hakuonekana kushtuka, ila uso wake ulikuwa hauna tena dalili ya kicheko.

"Kitambaa hiki nakijua," alisema. "Alikuja nacho hapa, na mashine. Nikamrudishia."

"Kwa nini?"

"Aliyoniambia yeye ni yake, mama, mwulize mwenyewe. Yangu nitakuambia. Nilimkatalia. Nilimwambia arudi nyumbani akamwambie mkewe kabla ya kuniambia mimi."

"Ulimkatalia lini?"

"Mwezi uliopita. Jumanne."

Mama Mizani akamzunguka kwa upande mwingine. "Akirudi baada ya mtoto kuzaliwa utampokea?"

"Hapana."

"Kanuni haimtaji mke. Ulisema mwenyewe."

"Haimtaji. Namtaja mimi."

"Na mke akisema ndiyo, kwa unyonge, kwa kuwa amechoka?"

"Nitamsubiri huyo mtoto akue hadi aweze kusema ndiyo au hapana mwenyewe. Wakati huo mimi nitakuwa nimeshakufa, kwa hiyo kwangu hapokelewi."

Kona zote nne. Namba ile ile. Alimtazama usoni, kama alivyowatazama wenye maduka miaka yote ile, na hakuona kitu kikikimbia.

Ikabaki ya mwisho, ambayo hakuwa ameipanga. "Na wewe? Wewe ulimwacha nani?"

Mtawa aliketi kwenye kiti cha plastiki, kikalia kwa uzito wake. "Mama yangu. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Ruhusa alinipa, lakini alinipa huku analia. Alipofariki nilikuwa mbali. Nimekaa kwenye mkeka miaka kumi na saba, na hilo bado linanichoma."

Mama Mizani alikiokota kitambaa, akakikunja, akaondoka. Somo la tano hakulisikia.

Nyumbani bintiye alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, miguu imevimba, redio inasema peke yake. Mama Mizani alizima redio, akaketi, akaiweka ile miguu mapajani mwake, akaanza kuikanda kwa mafuta.

"Mwanangu, kuna jambo. Usishtuke."

"Kitambaa," alisema binti. "Fundi kanambia kimepotea. Nikamwambia kipo kwa mama, usiulize."

"Ulijua?"

"Alinieleza usiku ule ule aliokataliwa. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, akalia kama mtoto. Akasema amewaza kuniacha."

"Na wewe ukakaa kimya! Ukaendelea kumpikia!"

"Nilimtukana kwanza, mama. Siku mbili sikusema naye, wewe ukadhani ni mimba." Binti alijiinua kwa shida. "Lakini aliniambia. Usoni. Baba alikuambia wewe?"

Mama Mizani aliendelea kuikanda ile miguu. Alikanda muda mrefu, mpaka vidole vikamuuma, na machozi yaliyomtoka hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta.

Fundi alirudi saa kumi na mbili. Alikikuta kitambaa mezani na mama mkwe wake amekaa nyuma ya meza, mikono imekunjwa.

"Kaa, baba," alimwambia. "Leo huna mende wa kumsindikiza. Leo ni mimi na wewe."

Fundi aliketi. Alieleza pole pole, akitafuta maneno. Miezi mitano nyuma, kebo ya winchi ilikatika kwenye shimo la lifti, na mwenzake waliyefanya kazi pamoja miaka tisa akaanguka mbele ya macho yake. Mama Mizani alilijua jambo hilo. Walikwenda msibani wote, wakarudi, Fundi akaingia kazini Jumatatu, na kwa kuwa hakulitaja tena, wao pia hawakulitaja. Alidhani limepita.

"Halikupita," alisema Fundi. "Nikifumba macho namwona. Ndipo nikaja kutengeneza ile lifti, nikawasikia wamekaa kimya ghorofa ya nne. Nikakaa nao. Ilikuwa siku ya kwanza kupumua vizuri tangu msiba. Basi nikawaza, nikikaa pale siku zote sitaumia tena. Nikitazama tumbo la mke wangu, naona mtu mwingine anayeweza kuanguka nikimtazama. Niliogopa, mama. Hiyo ndiyo sababu yote."

"Mtawa akakufukuza."

"Akaniambia nakimbia, na kwamba kukimbia nikiwa nimevaa kitambaa ni kukimbia tu."

Mama Mizani alimsogezea kikombe cha chai. "Niapie kwamba hutaondoka."

Fundi alikizungusha kikombe. "Siwezi kuapa ya miaka yote. Ya leo naijua. Leo siendi, na kesho nikijisikia kwenda, nitamwambia mkeo... nitamwambia mke wangu, na wewe."

Ulimi ulimteleza kwa woga, na mahali pengine wangecheka. Jibu lenyewe halikumpendeza Mama Mizani hata kidogo. Alitaka kiapo. Kisha akakumbuka kwamba viapo alikuwa navyo, vyote, kutoka kwa mtu mwingine, tena vya kushika kitabu kitakatifu.

"Kunywa chai, inapoa," alisema.

Mtoto alizaliwa wiki nane baadaye, saa nne asubuhi, msichana mwenye sauti ya king'ora. Fundi alikuwepo. Mama Mizani alikuwepo pia, kati ya mkwe na mlango.

Hakuwa mwanafunzi wa Mtawa, na dini yake aliyozaliwa nayo aliendelea nayo kama kawaida. Ila lile somo la sita alikwenda kulimalizia na kundi jingine la wapya, mwezi mmoja baada ya mtoto, maana hakupenda kuacha ukaguzi nusu. Alikaa kiti kile kile cha mlangoni. Walipofuata pumzi, alifumba macho yote mawili, kwa dakika tatu hivi.

Na Fundi aliendelea kwenda kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Akitoka, Mama Mizani humchukua mtoto begani, akasimama dirishani, akamfuata kwa macho ghorofa tatu chini, kuvuka barabara, hadi kona ya duka la rangi.

"Mama, toka dirishani," binti humwambia.

"Nampa mtoto upepo."

"Juzi ulimpa upepo, wiki iliyopita ukampa upepo. Atarudi."

"Nimesema harudi?" Mama Mizani humpigapiga mjukuu mgongoni, bila kugeuka. "Nimesema nampa mtoto upepo."